Nyeusi Ndiyo Chanya

Betri mpya ilifika Newala Jumanne kwa basi,
ndani ya boksi la biskuti, imeviringishwa kanga kuukuu.
Likwata akaiweka juu ya meza yangu
kama mtu aliyeleta mtoto kliniki:
"Fundi Somoe, hii haina mdomo."

Kweli haikuwa nao.
Nyaya mbili tu, zimekatwa kwa mkasi butu,
moja nyekundu, moja nyeusi,
kila ncha imevishwa kipande cha nailoni
na kufungwa uzi wa kushonea.

"Ya zamani iko wapi?"
Akatazama pembeni.
Alikwisha ipeleka kwa Nampoto wa vyuma chakavu,
elfu tatu, pamoja na mdomo wake mzima.

Tukaenda. Nampoto alikuwa anapima masufuria.
"Nilinunua kwa kilo," akasema, "na mdomo nao una kilo zake."
Elfu mbili.
Likwata akahesabu sarafu za mikate, polepole,
hata mimi nikaanza kuhesabu mikate.
Nikakata waya mmoja, nikaufunika kwa tepu,
ndipo nikakata wa pili.
Nampoto akacheka: "Imekufa hiyo, unaiogopea nini?"
Betri haifi kama kuku, nikamwambia.

Nilipokuwa najifunza kazi kwa Chipojola
mama mmoja wa Mahuta alituletea redio.
Nikaona nyekundu, nikaunga nyekundu kwa nyekundu.
Ikatoa moshi mwembamba kabla ya kutoa neno.
Hakugomba.
Alisema tu kaka yake amelazwa Ndanda,
na kwamba habari, njema au mbaya,
ingempata kwenye matangazo ya saa mbili.
Akajitwika redio yake, akaondoka.

Kwa hiyo sikuunga.
Nilitoa mita, ile yenye ufa kwenye kioo,
ncha nyekundu juu ya waya mwekundu,
ncha nyeusi juu ya mweusi.
Mita ikafikiri.
Kistari. Hamsini na nne nukta moja.

"Hamsini na nne!" Likwata akapiga makofi. "Imejaa!"
Kistari hakukiona.
Kidogo vile, unaweza kukidhania uchafu wa kioo.
Nikabadilisha ncha; kikatoweka.
Huenda aliyeifunga waya mwekundu ulimwishia,
huenda alifunga gizani, huenda hakujali.
Simjui, siwezi kumhukumu.

Nikafuata nyaya za baiskeli hadi kwenye kontrola,
nikatafuta alama ya kujumlisha chini ya vumbi na unga wa ngano.
Pasi ya kuchomea ilikuwa vuguvugu
umeme ulipokatika mtaa mzima.
Tukatazamana, tukacheka:
volti hamsini na nne ziko mezani
na hatuna moto wa kuyeyusha risasi.
Nikaenda kwa Asumini wa vitumbua,
nikachomeka ncha ya pasi kwenye mkaa wake.
Mara nne nilikimbia huku na huko,
mara ya nne Asumini akanipa kitumbua ili nipumzike.

Risasi ikashika, iking'aa kama njia ya konokono.
Waya mmoja kwanza.
Nikauvisha mpira, nikausinyaza kwa kiberiti,
nikapuliza, nikavuta kwa nguvu.
Ndipo wa pili.

Tulipochomeka, ikaruka cheche moja, *ta!*
na Likwata akaruka nayo.
"Inasalimia tu," nikasema,
ingawa moyo wangu ulikuwa Mahuta.
Taa ya mbele ikawaka.

Kabla hajaondoka nilimwambia asubiri.
Nikatoa rangi ya kucha mkobani,
waya mweusi nikaupaka wekundu, mapito mawili.
Ule mwekundu nikaupaka wanja.
Wanja utafutika, najua, mvua ya kwanza tu.
Nikabandika na plasta, nikaandika kwa kalamu,
kwa fundi atakayeifungua siku nisipokuwepo:
*nyeusi ndiyo chanya. Usiniamini. Pima.*

Likwata akashika njia ya Luchindu na tenga tupu,
breki zikilia.
Hela yangu alisema Ijumaa.